Lisemwalo Mtaani, Lithibitishwalo Kortini

Hotuba hii ilitolewa kwa wakazi waliokusanyika katika ukumbi wa jamii wa Kaloleni, Nairobi. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya waliozuiwa na mvua. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Wazee wetu, akina mama, vijana mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vimeisha, hamjambo? Asanteni kwa kuja na mvua hii.

Naanza na swali. Ni nani humu ndani ambaye hajawahi kuamua kesi ya mauaji akiwa ndani ya matatu? Ainue mkono. Mmeona? Hakuna hata mmoja, na mimi nimo. Redio inasoma habari, dereva anaongeza sauti, na kabla hatujafika Muthurwa tumeshamjua aliyeua, tumeshajua alichokuwa anawaza, na tumeshamnyonga. Ushahidi wetu ni upi? "Mwangalie tu macho." "Alikuwa mkimya mno." "Alikuwa na maneno mengi mno." Mkimya ana hatia na msemaji ana hatia. Aliyelia mazishini alikuwa anaigiza, asiyelia hana utu. Sasa niambieni, katika korti hiyo ya matatu, mtu ataponea wapi?

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Nawaheshimu wahenga. Lakini kortini lisemwalo halipo. Halipo mpaka aliyelisema apande kizimba cha mashahidi, aape, aulizwe maswali na mtu asiyemwonea haya, na maneno yake yapambanishwe na vitu vilivyookotwa.

Mimi ni wakili. Nimewasimamia watu walioshtakiwa kuua, wengi wao wakiwa ni wale ambao hata nauli ya mama zao kuja korti ya Milimani ni shida, kwa hiyo serikali ndiyo hulipa wakili, na hulipa kidogo. Kila nikisema kazi yangu, kuna atakayeuliza: "Wakili, unamteteaje muuaji?" Swali lenyewe limeanza na jibu. Umeshajuaje kwamba ni muuaji?

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo, ingawa nitalizunguka sana. Elimu ya nafsi, ile mnayoisikia kwenye runinga ikiitwa saikolojia ya wahalifu, inaweza kutuambia mtu wa namna gani anaweza kutenda jambo. Ushahidi ndio unaotuambia nani alilitenda. Tukiliweka la kwanza mahali pa la pili, tunaharibu mara mbili kwa mkupuo mmoja: asiyehusika anaingia ndani, na mhusika anaendelea kupanga foleni pamoja nasi dukani.

Tuanze nyumbani. Mnakumbuka Kware?

Tarehe 12 Julai 2024, kule Kware, Mukuru kwa Njenga, miili ya wanawake ilianza kutolewa kwenye timbo la zamani lililogeuzwa jaa la taka. Ilikuwa imekatwakatwa, imefungwa kwa magunia na kamba za nailoni. Kituo cha polisi kiko papo hapo, hatua chache tu. Na kumbukeni wakati wenyewe. Maandamano ya Juni dhidi ya Mswada wa Fedha yalikuwa hayajapoa, vijana walikuwa wametekwa, na watu waliuliza hadharani kama polisi wenyewe hawahusiki na miili ile. IPOA, mamlaka inayowasimamia polisi, ikasema nayo itachunguza.

Tarehe 15 DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ikatangaza kwamba imempata mshukiwa. Alikamatwa alfajiri kwenye baa, huko Kayole, alikokwenda kutazama fainali ya Euro. Amekiri, tukaambiwa, kuwaua wanawake 42 tangu mwaka 2022, na wa kwanza alikuwa mke wake. Mkurugenzi wa upelelezi akasimama mbele ya kamera, akampa mtu huyo majina mawili: vampaya, yaani mnyonya damu, na saikopathi, yaani mtu asiye na huruma.

Mimi leo simtaji jina. Siku alipoitwa vampaya hakuna hakimu aliyekuwa amemsikiliza hata dakika moja.

Sasa tazameni kilichotendeka vichwani mwetu. Neno vampaya lilipotua, maswali yaliondoka. Yapi? Haya hapa. Mbona miili iliyotolewa timboni haikufika hata nusu ya hiyo 42? Waliobaki wako wapi? Ni wangapi waliotambuliwa kwa DNA, na jamaa gani walitoa damu kulinganishwa? Polisi walisema wamekuta nyumbani kwake simu, vitambulisho, panga, magunia. Simu hizo ni za nani? Magunia hayo ni ya aina moja na ya timboni, au ni yale yanayouzwa kila soko? Panga limepimwa? Nani alilishika kwanza, na alikuwa amevaa glavu?

Hayo ndiyo maswali ya kesi ya mauaji, ndugu zangu. Hayana utamu. Huwezi kuyasimulia kwenye kibanda cha chai watu wakaacha vikombe. Vampaya ana utamu. Vampaya anaeleza kila kitu bila kueleza chochote, na ndiyo maana neno hilo ni zawadi kubwa kwa mpelelezi aliyechoka.

Alipofikishwa korti ya Makadara, wakili wake alisema mteja wake aliteswa mpaka akakiri. Polisi walikana. Nani alisema kweli? Hapo ndipo sheria inapotusaidia, kama tungeisoma. Sheria yetu ya Ushahidi, kifungu cha 25A, inasema kukiri kwa mshtakiwa hakukubaliki isipokuwa kumefanywa kortini mbele ya jaji au hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo kisichopungua Inspekta, ambaye si yule anayepeleleza kesi hiyo, tena mtu mwingine aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe akiwepo. Someni tena hapo. Aliyechaguliwa na mshtakiwa mwenyewe. Hakuna mahali kifungu kinapotaja mkutano na waandishi wa habari. Kukiri kunakotangazwa kwenye runinga ni habari tu, na bado si ushahidi.

Kesi hiyo ingetujibu mengi. Lakini tarehe 20 Agosti 2024 mshukiwa alitoroka kituo cha polisi cha Gigiri, pamoja na raia 12 wa Eritrea. Kituo cha Gigiri, mtaa wa mabalozi! Maafisa wakasimamishwa kazi, na maswali yakatoroka naye.

Je, nasema hakuua? Sijasema. Nasema jamaa za wale wanawake walistahili kujua kwa ushahidi, wakapewa tusi la kumtukana mtu.

Najua kuna anayejiuliza, na ni swali la haki: mtu mwenye akili zake atakirije kuua, na hakuua?

Nendeni nami Uingereza kidogo, kijiji cha Narborough, karibu na Leicester. Novemba 1983 msichana wa miaka 15 alibakwa na kunyongwa. Julai 1986 mwingine, naye wa miaka 15, akafanyiwa vile vile, mwendo mfupi kutoka pale. Polisi wakamkamata kijana wa miaka 17, mzito wa kujifunza, aliyeonekana kujua mambo kuhusu maiti ya pili ambayo hayakuwa yametangazwa. Wakamhoji, wakamhoji, na akakiri. Alikiri la pili. La kwanza akalikataa katakata.

Kijiji kikapumua. Kama wangekuwa na matatu, kesi ingekuwa imekwisha.

Lakini polisi waliamini muuaji ni mmoja, wakataka kumfunga kwa yote mawili. Wakamwendea Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester, ambaye mwaka 1984 alikuwa amegundua namna ya kumtofautisha mtu na mwingine kwa DNA. Majibu yakarudi na habari mbili. Ya kwanza, aliyewaua wasichana hawa wawili kweli ni mtu mmoja. Ya pili, si huyu mliyemfungia.

Kijana yule alikuwa amekiri, jamani. Kwa kinywa chake. Bila DNA angeozea jela, na sisi tungesema, "Si alikubali mwenyewe?"

Wakawaomba damu wanaume zaidi ya 5,000 wa vijiji vile. Muuaji hakuonekana. Kwa nini? Kwa sababu alimshawishi mfanyakazi mwenzake akatoe damu kwa jina lake. Na aliyemfichua hakuwa mtaalamu wala mashine. Mwaka 1987 yule mwenzake alikuwa baa akisimulia alichofanya, mwanamke mmoja akasikia, akaenda akaripoti. Colin Pitchfork alikuwa mwoka mikate, hodari wa kupamba keki, mume wa mtu na baba wa watoto. Januari 1988 akahukumiwa kifungo cha maisha. Sayansi ilimtoa asiyehusika, mwananchi mwenye masikio akamleta mhusika. Hilo la mwananchi lishikeni, nitalirudia.

Kwa nini watu hukiri uongo? Si lazima mtu apigwe. Mtu aliyenyimwa usingizi haoni miaka 30 iliyo mbele yake, anaona mlango. Anafikiri: niseme wanachotaka nitoke humu, nitaeleza vizuri kesho. Mwenye umri mdogo hufikiri hivyo zaidi. Mlevi aliyelala seli hufikiri hivyo. Na kuna wengine ambao, wakiulizwa jambo lile lile mara nyingi na mtu mwenye mamlaka, huanza kujishuku wenyewe. Huo nao ni utafiti wa nafsi, lakini hamtauona kwenye runinga, maana unamhusu anayehoji sawa na anayehojiwa.

Sasa nije kwenye ile saikolojia mnayoipenda. Najua mnaipenda, msikatae. Mtaalamu anaingia mahali pa mauaji, anafumba macho kidogo, anasema: "Tunamtafuta mwanamume wa miaka 28, anaishi peke yake, alimchukia mama yake." Na kweli kuna kazi ya namna hiyo. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilianza kuijenga miaka ya 1970, makachero wake wakiwahoji wauaji magerezani. Walifundisha kwamba wauaji wa mfululizo ni makundi mawili, wenye mpangilio na wasio na mpangilio. Ilikubalika dunia nzima. Mwaka 2004 David Canter na wenzake wakachukua mauaji 100 yaliyofanywa na wauaji 100 wa Marekani, wakapima. Mgawanyiko ule haukuonekana kama ulivyofundishwa.

Lakini takwimu husahaulika. Niwape kisa, nacho ni cha London.

Tarehe 15 Julai 1992, mama kijana, Rachel Nickell, alikuwa akitembea na mwanawe asiyefika miaka mitatu kwenye uwanja wa wazi wa Wimbledon. Alichomwa kisu mara 49, mtoto akiona. Hebu fikirieni hasira ya mji ule. Polisi hawakuwa na silaha wala alama ya kidole wala shahidi mtu mzima aliyeona tendo. Wakamwita mtaalamu wa saikolojia, akachora picha ya nafsi ya muuaji, tamaa zake na upweke wake. Wakatafuta nani anafanana na picha ile. Wakamwona Colin Stagg, mwanamume mpweke aliyezoea kutembeza mbwa wake pale pale.

Wakafanya nini? Wakamtuma afisa wa kike ajifanye mpenzi. Miezi mingi ya barua, simu, na matembezi. Afisa yule alimdokeza kwamba angempenda zaidi mwanamume aliyewahi kuua. Mnasikia? Mtu mpweke, hajawahi kupata mpenzi wa maana, anaambiwa ukiwa muuaji nitakuwa wako. Na pamoja na hayo yote, Stagg hakukiri. Hata mahali maiti ilipolala alipataja visivyo. Bado wakamshtaki. Akakaa rumande zaidi ya mwaka mmoja, hadi Septemba 1994, jaji alipouondoa ushahidi ule wote wa mtego na kesi ikaanguka.

Mnafikiri alipona? Kwa miaka 14 iliyofuata, mtaani kwake alikuwa ndiye muuaji aliyeponyoka. Lisemwalo lipo, si ndiyo?

Sikilizeni upande wa pili sasa, ndio unaoniuma. Novemba 1993, wakati Stagg yuko ndani, mwanamke mwingine, Samantha Bisset, aliuawa nyumbani kwake Plumstead pamoja na binti yake wa miaka minne. Aliyewaua ni Robert Napper. Na Napper ndiye aliyekuwa amemuua Rachel. DNA ilimfikia baadaye, na Desemba 2008 akakubali kosa. Picha ya nafsi ilipokuwa inamfuata mtu wa mbwa, mwenye damu mikononi alikuwa huru na kisu chake.

Na kuna dogo moja ndani ya kisa hicho ambalo hunifanya nikunje ngumi. Mwaka 1989, miaka mitatu kabla Rachel hajauawa, mama mzazi wa Napper aliwapigia polisi akasema mwanangu ameniambia amebaka mwanamke. Mama! Mzazi wake mwenyewe! Polisi wakatazama rekodi zao, wasione kesi inayolingana na mahali alipotaja, wakaiacha. Kesi ilikuwapo. Mtaalamu mwenye shahada aliaminiwa, mama mzazi hakuaminiwa, na mama ndiye aliyekuwa na ushahidi.

Kwa hiyo saikolojia haina kazi? Ina kazi kubwa, mahali pake. Inasaidia kujua namna ya kumhoji mtoto aliyeona mauaji bila kumtia maneno mdomoni. Inasaidia kumpima mshtakiwa kama anaelewa kinachoendelea kortini. Hapo niseme jambo kwa haraka, maana mtaani linapotoshwa. Mkisikia mshtakiwa wa mauaji amepelekwa hospitali ya Mathari kupimwa akili kabla ya kujibu mashtaka, msiseme ameanza kujifanya mwendawazimu. Ni utaratibu wa kesi hizo zote. Na sheria haihangaiki kama mtu ana roho ngumu au hana huruma. Inauliza kama maradhi ya akili yalimfanya asijue anachotenda, au asijue kwamba hakupaswa kukitenda. Saikopathi anajua vizuri sana.

Hata nia ya kuua, ambayo imo moyoni na hakuna mashine ya kuipima, mahakama zetu huitafuta nje, kwenye vitu. Tangu kesi ya Tubere mwana wa Ochen, mwaka 1945, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilifundisha: angalia silaha iliyotumika, angalia ilivyotumika, angalia kiungo cha mwili kilicholengwa, angalia mwenendo wa mshtakiwa kabla na baada ya tendo. Panga shingoni mara tatu, kisha mtu akaosha sakafu, hapo umeusoma moyo wake bila kuuliza kama alimchukia mama yake.

Na macho je? Ile sura ya muuaji? Akina mama, hili nalisema kwenu hasa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023, wanawake na wasichana wapatao 51,100 duniani waliuawa na wapenzi wao, waume, au watu wa familia. Hao ni karibu 140 kila siku, na ni kama asilimia 60 ya wanawake wote waliouawa kwa kukusudiwa mwaka huo. Mnakumbuka tarehe 27 Januari 2024, tulivyojaza barabara za mjini kwa sababu ya mabinti waliouawa mwezi ule? Baadhi yenu mlikuwapo, nawaona. Wahenga hapa wako sahihi kabisa: kikulacho ki nguoni mwako. Tukifundisha mabinti zetu kumwogopa vampaya wa timboni, tutasahau kuwafundisha kumsikiliza yule rafiki anayesema, "Mume wangu amenikaba koo jana." Kukabwa koo ni ushahidi. Kuna alama, kuna daktari, kuna fomu ya P3, ile ya polisi anayoijaza daktari. Uandikwe siku hiyo hiyo.

Kijana pale anatikisa kichwa. Anasema, kama hakuna aliyeona, utamfungaje mtu? Watu wengi hudhani ushahidi wa mazingira, yaani wa mambo yanayolizunguka tendo bila aliyeliona, ni ushahidi wa kubahatisha. Sivyo. Muuaji mwenye akili haaliki mashahidi. Mwaka 1949, katika kesi ya Kipkering arap Koske, mahakama iliweka kipimo ambacho majaji wetu bado wanakitumia: mambo yanayomwelekea mshtakiwa yawe hayawezi kupatana na kutokuwa kwake na hatia, wala yasiwe na maelezo mengine yoyote ya akili isipokuwa kwamba ni yeye. Na katika kesi ya Sawe, mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ikasema shaka dhidi ya mtu, hata iwe nzito vipi, haiwezi kuwa msingi wa kumpata na hatia. Kipimo hicho ni kigumu, na bado kesi hupita.

Ipi ilipita? Ya wakili Willie Kimani. Naye alikuwa mwenzangu katika kazi, kwa hiyo mnivumilie nikitulia kidogo hapa.

Tarehe 23 Juni 2016 Willie Kimani alitoka korti ya Mavoko akiwa na mteja wake, mwendesha boda boda aliyekuwa amethubutu kumlalamikia afisa wa polisi wa utawala aliyempiga risasi. Walikuwa na dereva wa teksi. Watatu hao hawakufika nyumbani. Baada ya siku chache miili yao ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk, imetiwa magunia.

Nani aliona? Wauaji walikuwa polisi, wanajua tunavyochunguza. Lakini mawakili na wapelelezi walianza na vitu vidogo. Simu zina minara, na minara haina hofu. Inaandika simu fulani ilikuwa wapi saa fulani, na simu ya nani ilikuwa karibu nayo. Mmoja wa washtakiwa, raia aliyekuwa akiwapa polisi habari, alikiri. Baadaye akaruka maneno yake, akasema alilazimishwa. Jaji hakusema, "Si alikubali?" Alisimamisha kesi kubwa, akasikiliza kesi ndani ya kesi kuhusu namna kukiri kule kulivyochukuliwa, ndipo akakukubali. Tofautisheni hilo na kamera za Julai, zile za kesi ya Kware.

Na kulikuwa na karatasi. Karatasi ya chooni. Wakiwa wamefungiwa kwenye kambi ya polisi Syokimau, ujumbe uliandikwa juu ya kipande hicho kwamba wako hatarini, pamoja na nambari ya simu ya mke wa mmoja wao, ukatupwa nje. Mtu akaupita? Hapana. Mtu aliuokota, akausoma, akapiga simu.

Mtu huyo hakuwa na cheo. Angeweza kusema mambo ya polisi siyawezi. Angeweza kuipiga picha, kuisambaza, na kuacha upepo uichukue. Kwa sababu hakufanya hivyo, ilijulikana watu wale walikuwa wapi na mikononi mwa nani.

Kesi ilichukua miaka sita. Julai 2022 Jaji Jessie Lesiit aliwapata na hatia wanne kati ya washtakiwa watano. Wa tano akaachiliwa, maana ushahidi haukumfikia. Februari 2023 mmoja akahukumiwa kifo, wengine miaka 30, 24 na 20. Korti ya matatu ingewanyonga wote watano kabla ya Muthurwa.

Sasa mimi na nyinyi. Mwili ukipatikana mtaani kwetu, nini hutokea? Mnajua. Watu mia wanakanyaga, mtu anafunua uso aone kama anamjua, mwingine anamfunika kwa shuka ya nyumbani kwake kwa heshima, na kumi wanapiga picha. Sifokei mtu. Kumfunika marehemu ni utu. Lakini shuka ile ina nywele zenu, kucha zenu, jasho lenu. Viatu mia vimefuta kiatu kimoja. Na picha ikishasambaa, shahidi wa kesho hatajua tena kama anakumbuka alichoona au alichotumiwa. Wakili kama mimi atamuuliza hilo kortini, na ataulizwa kwa ukali, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Fanyeni hivi. Wazee wawili au watatu wasimame, wazuie watu, wasiguse kitu. Aliyefika wa kwanza akumbuke saa, akumbuke mlango ulikuwa wazi au umefungwa, taa ilikuwa inawaka au la. Ukiitwa kuandikisha taarifa kituoni, sema ulichokiona kwa macho yako, kisha ulichoambiwa ukitaje kuwa umeambiwa, na na nani. Soma kabla ya kutia sahihi. Kama huwezi kusoma, omba usomewe kwa lugha unayoielewa. Ukishaandikisha, dai nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, uiandike mahali isipopotea. Na mama akija kwenu akasema mwanangu ameniambia jambo baya, msimwambie arudi nyumbani akapike. Mpelekeni, mwandamane naye, mkae naye mpaka aandikiwe.

Upande wangu nimeumaliza. Mwenyekiti ameniambia ukumbi ni wetu mpaka saa kumi na moja na nusu. Mama mwenye leso ya buluu, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja Kware, wewe ndiwe wa kwanza. Kijana wa boda boda atakufuata. Naomba tu, ukiuliza kuhusu kesi iliyoko kortini sasa hivi, usimtaje mshtakiwa kwa jina. Haya, mama, karibu. Mpeni kipaza sauti.